Uzoefu wangu: safari ya kuongozwa nchini Bhutan, kutoka Thimphu hadi Taktsang

Mwezi wa Novemba mimi na mke wangu tulisafiri kwenda Bhutan, ufalme mdogo wa Kibudha uliobanwa kati ya India na China katika milima ya Himalaya, kwa safari ya kuongozwa iliyoandaliwa na kampuni moja ya utalii ya huko huko. Naandika tathmini hii kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kuondoka yaliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, na maswali ya mtu wa Arusha, mwenye pasipoti ya Tanzania, ambaye ni Mwislamu na ambaye utalii ndio unaomlisha, hayakujibiwa popote. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: nchi inastahili fedha tuliyolipa, na mwongoza watalii wetu alikuwa hodari kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi, lakini ratiba ilishindiliwa kupita kiasi, na anayetaka kununua safari ya namna hii inampasa aipunguze kabla hajalipa.

Nianze na gharama, kwa kuwa ndizo zinazowarudisha nyuma wengi. Serikali ya Bhutan humtoza mgeni ada ya maendeleo endelevu kwa kila usiku anaolala nchini humo. Ada hiyo ilipandishwa hadi dola 200 za Marekani mwezi Septemba 2022, mipaka ilipofunguliwa baada ya Uviko-19, kisha ikashushwa hadi dola 100 kuanzia Septemba 2023, na ikatangazwa kwamba kiwango hicho kitadumu hadi mwisho wa Agosti 2027. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hulipiwa nusu, na aliye chini ya umri huo halipiwi. Raia wa India hulipa rupia 1,200 tu kwa usiku. Mtanzania yumo katika kundi la dola 100 pamoja na sehemu kubwa ya dunia iliyobaki. Viza ni dola 40, na hazirudishwi.

Jambo la kuangalia kwa makini ni kwamba zamani mgeni alilipa bei ya chini ya jumla iliyojumuisha hoteli, chakula, gari na mwongozaji, lakini utaratibu huo ulifutwa mwaka 2022 na sasa ada ya serikali inasimama peke yake. Baadhi ya kampuni bado zinaandika ankara kana kwamba mambo ni yale ya zamani. Ankara yetu ilikuwa na mstari mmoja wenye jumla moja, na ilibidi tuandikiane barua pepe mara kadhaa ndipo tukapata mchanganuo, tukagundua kwamba viingilio vya ngome na mahekalu havikuwamo. Siuiti wizi, maana mahali fulani katika masharti palikuwa na maneno madogo yaliyoeleza hivyo, lakini mfanyabiashara muungwana hamwachi mteja ayatafute kwa kurunzi.

Kuhusu ada yenyewe, mimi sina kinyongo nayo. Sisi tuliozoea kuona magari zaidi ya ishirini yakimzunguka simba mmoja tunaelewa thamani ya mahali pasipo na msongamano, na Bhutan, tangu ilipofungua milango kwa watalii mwaka 1974, imeshikilia sera ya wageni wachache wanaolipa zaidi. Serikali inasema fedha hizo huingia katika afya na elimu, ambazo raia huzipata bure, na katika uhifadhi. Katiba ya mwaka 2008 inataka angalau asilimia 60 ya nchi ibaki msitu daima, na hilo huhitaji kuambiwa na mtu, kwa sababu kutoka Thimphu, mji mkuu, hadi Punakha dirisha la gari halionyeshi kitu kingine kwa muda mrefu isipokuwa miti na mawingu.

Tuliingia kwa ndege kupitia Kathmandu. Uwanja wa ndege wa Paro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde jembamba, na ndege hutua mchana tu kwa rubani kuiona njia kwa macho yake, ndiyo maana marubani wenye kibali cha kutua hapo ni wachache na safari huahirishwa hali ya hewa ikichafuka. Usiunganishe ndege ya kurudi nyumbani siku ile ile. Ukitokea Kathmandu omba kiti cha kushoto, kwa kuwa mlima Everest huonekana upande huo anga likiwa safi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwenye mkoba wa mkononi.

Nje ya miji ya Thimphu na Paro mgeni hatembei bila mwongozaji mwenye leseni, sharti ambalo halitamshangaza yeyote anayeujua utaratibu wa kupanda Kilimanjaro. Wetu alivaa gho, lile vazi la kiume linalofungwa kiunoni na kuishia magotini, kila siku kuanzia asubuhi hadi tuagane. Penye lango la kila ngome alisimama kando, akatoa kitambaa cheupe kirefu, akakitupa begani upande wa kushoto na kukipitisha chini ya mkono wa kulia, akazikunjua mikunjo kwa vidole hadi ikalala sawasawa, ndipo akatupeleka ndani. Hakufanya hivyo ili tumpige picha, kwa sababu mwanamume wa Bhutan haingii katika dzong, yaani ngome, bila kitambaa hicho, na raia wa kawaida huvaa cheupe ilhali rangi nyingine ni za wenye vyeo.

Alijua historia ya nchi yake kwa miaka na majina, na alikuwa mwepesi wa kusema pale asipojua. Mara moja tu alijikunja. Nilimuuliza kuhusu Walhotshampa, wale wenye asili ya Nepali ambao zaidi ya laki moja kati yao waliondoka au kuondolewa miaka ya 1990 na kuishia katika kambi za wakimbizi nchini Nepal, wengi wao baadaye wakahamishiwa Marekani. Alijibu kwa adabu na kwa ufupi, kisha akarudi kwenye sera ya furaha ya taifa, ile ya kupima maendeleo ya nchi kwa furaha ya watu wake. Sikumlaumu, kwa kuwa leseni yake ndiyo mkate wake, lakini msafiri aende akijua kwamba simulizi ya furaha anayouziwa ina ukurasa ambao hautasomwa kwa sauti.

Thimphu tuliipitia mbio mbio. Mji mkuu huu hauna taa za kuongozea magari, na katika njia panda kuu askari mwenye glavu nyeupe huongoza magari akiwa ndani ya kibanda kilichochorwa nakshi. Ratiba ilitutaka katika siku moja tuone sanamu kubwa ya Buddha Dordenma juu ya kilima, hifadhi ya takin, mnyama wa taifa mwenye kichwa kama cha mbuzi na kiwiliwili cha ng'ombe, makumbusho ya nguo, soko, ngome ya Tashichho na mnara wa kumbukumbu ya mfalme wa tatu uliojengwa mwaka 1974. Hapo kwenye mnara ndipo nilipoanza kukasirika. Wazee wa mjini walikuwa wakiuzunguka polepole, tasbihi mkononi, wengine wakikaa kwenye ukuta kupumzika na kuzungumza, na sisi tulipewa dakika chache tu kabla ya kuitwa garini ili tukawahi duka la kazi za mikono ambalo hatukuliomba.

Kesho yake tulivuka kilele cha Dochula, takriban mita 3,100, penye minara midogo 108 iliyojengwa kuwakumbuka askari waliokufa katika operesheni ya kijeshi ya mwaka 2003, kisha tukateremka hadi Punakha ambako hewa ni ya joto na migomba inaota. Ngome ya Punakha ilijengwa mwaka 1637 na 1638 na Shabdrung Ngawang Namgyal, aliyeiunganisha Bhutan, mahali inapokutana mito ya Pho Chhu na Mo Chhu. Kwa mtazamo wangu ndilo jengo zuri kuliko yote tuliyoyaona. Hadi mwaka 1955 mji mkuu ulikuwa hapa, na mpaka leo watawa wakuu huhamia Punakha wakati wa baridi, hivyo tuliikuta imejaa vijana wenye majoho mekundu wakibeba magodoro na masufuria. Pembeni mwa ukuta pamepandwa mijakaranda. Huchanua majira ya kuchipua, kwa hiyo sisi, ambao tuliiacha ya Arusha ikiwa zambarau tupu, tuliikuta ni majani matupu.

Hekalu la Chimi Lhakhang liko jirani, na wanandoa wanaotafuta mtoto huliendea. Kuta za nyumba za kijijini hapo zimechorwa maumbile ya kiume kwa ukubwa na rangi zisizoacha shaka, kwa imani kwamba hufukuza pepo wabaya na husda. Anayesafiri na wakwe zake ajiandae.

Bonde la Phobjikha ndilo lililonifanya niandike malalamiko rasmi kwa kampuni, si kwa ubaya wake bali kwa uzuri wake. Ni bonde pana lenye chemchemi na nyasi, karibu mita 2,900 juu, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba korongo wenye shingo nyeusi huja hapo kutoka uwanda wa juu wa Tibet kukaa majira ya baridi. Wenyeji husema kwamba wanapofika na wanapoondoka huizunguka mara tatu monasteri ya Gangtey iliyo juu ya kilima. Nyaya za umeme zimezikwa ardhini ili ndege hawa wasijigonge, na ukisimama ukingoni mwa bonde huoni nguzo hata moja. Katika kituo cha habari za korongo kuna darubini za kutosha. Niliwatazama wawili wakichokoa tope, wakiinua vichwa kwa pamoja kila mbwa alipobweka mbali, kisha wakirudi kazini.

Tulifika jioni jua likizama na kuondoka asubuhi baada ya chai. Kwa mwendo wa gari tuliotumia kufika huko, katika barabara ya makona ambayo mke wangu aliimaliza akiwa ameshika mfuko wa plastiki, kulala usiku mmoja ni kupoteza bonde zima. Hoteli nayo ilikuwa na jiko la kuni katika ukumbi wa chakula na hita ndogo ya umeme chumbani ambayo haikufua dafu mbele ya baridi ile. Tuliomba blanketi za ziada na tukaletewa mara moja pamoja na mifuko ya maji ya moto, hivyo huduma ilikuwa nzuri hata kama vifaa havikutosha.

Siku ya mwisho ni ya Taktsang, monasteri iliyobandikwa kwenye jabali takriban mita 900 juu ya bonde la Paro. Inasimuliwa kwamba Guru Rinpoche, mwalimu mkuu wa Ubudha wa Himalaya, alifika hapo katika karne ya 8 akiwa amepanda mgongo wa chui milia jike, akatafakari pangoni, na monasteri ikajengwa mwaka 1692. Moto wa mwaka 1998 uliiteketeza sehemu kubwa, na unayoiona leo ilikamilika kujengwa upya mwaka 2005. Kimo chake ni karibu mita 3,120, yaani kati ya kibanda cha Mandara na cha Horombo kwa wanaoijua njia ya Marangu ya Kilimanjaro, na mtu mwenye afya ya kawaida hupanda bila shida akienda pole pole. Farasi wa kukodi hufika mgahawani, katikati ya njia, na hawamchukui mtu wakati wa kuteremka. Baada ya hapo ni miguu yako, na mwishoni kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi kwenye maporomoko ya maji kisha kupanda tena hadi langoni. Ngazi hizo ndizo zinazochosha magoti, si mwinuko wa mwanzo.

Anza alfajiri. Sisi tulianza jua likiwa limekwisha kupanda, kwa sababu kampuni iliweka kituo kingine mjini kwanza, tukakutana na vikundi vinavyorudi mahali njia ilipo nyembamba. Langoni simu, kamera na mikoba huachwa, viatu huvuliwa kila chumba, na ndani ni giza, harufu ya siagi inayowaka taani na mbao zilizokwaruzwa na miguu ya watu. Kukosa simu lilikuwa jambo jema kuliko yote ya siku ile.

Kuhusu chakula, niliiarifu kampuni mapema kwamba hatuli nyama isiyochinjwa kwa taratibu zetu, na walilizingatia bila kusahau hata mlo mmoja. Nyama nyingi ya Bhutan hutoka India, kwa hiyo tulikula wali mwekundu, mayai, viazi vya jibini wanavyoviita kewa datshi, na ema datshi, ambayo ni pilipili zinazopikwa kwenye jibini kama mboga yenyewe. Migahawa ya watalii huipunguza ukali. Siku tuliyomwomba mwongozaji atupeleke anakokula yeye na dereva ndipo tulipoijua, na tulilipa kidogo sana.

Malalamiko yetu kuhusu ratiba kampuni iliyajibu kwa heshima, ikasema kwamba usiku wa pili Phobjikha unawezekana na ziara ya maduka inaweza kufutwa, ila mteja aseme kabla maombi ya viza hayajatumwa, kwa kuwa ada ya serikali hulipwa pamoja na maombi hayo kulingana na idadi ya usiku iliyoandikwa.