Unguja hadi Mombasa: tiketi ipi ununue

Toka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume mpaka ule wa Moi, Mombasa, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 245. Ndege huruka chini ya saa moja. Lakini ukinunua tiketi kwa kuangalia dakika za angani tu, utalipia usichokitaka. Hesabu toka unapofunga mlango wako mpaka unapopokewa.

Kwangu ya kwanza ni ndege ya moja kwa moja, na sioni ya kuikaribia. Hata ukifika uwanjani masaa mawili kabla, ukapanga foleni ya pasipoti huku na kule, chakula cha mchana unakula Mombasa. Tatizo lake ni mizigo. Ile bei ya chini inayokuvutia mara nyingi ni ya begi la mkononi pekee, na sisi hatwendi kwa jamaa mikono mitupu: halua, viungo, madera ya shangazi, mara kilo zimeshapita. Nunua uzito pamoja na tiketi. Ukisubiri mizani ya kaunta utalipa zaidi. Na kwa safari ya Idi usingoje mwezi uandame.

Ya pili ni ya Wapemba. Kwao Mombasa iko karibu zaidi, kama kilomita 140 hewani, ila ndege ya moja kwa moja hawana. Badala ya kuzunguka Unguja, vuka Tanga kwa boti au ndege ndogo, kisha panda gari. Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kilomita 65 za lami, na toka Lunga Lunga, upande wa Kenya, hadi kivuko cha Likoni ni mia na kidogo. Ulizia siku za boti kwanza, na wakati wa kusi ujue mkondo wa Pemba hauna adabu.

Boti ya Dar es Salaam na basi naipa nafasi ya tatu. Ndiyo inayomfaa mwenye mizigo mingi na pesa chache. Boti ya mwendo kasi ni kama masaa mawili, lakini mabasi mengi ya Mombasa huondoka Dar alfajiri, kwa hiyo boti ya asubuhi haikufai. Vuka jioni, ulale, na gharama ya kulala uiweke kwenye nauli. Mpakani unashuka na pasipoti kugongewa muhuri. Basi likipita Likoni, abiria hushuka tena na kuingia kivukoni kwa miguu, basi linafuata. Mwenye mtoto mgongoni alifikirie hilo.

Ya mwisho ni kupitia Nairobi. Unaruka kama kilomita 600 kwenda bara, kisha 420 kurudi pwani. Ina maana tu kama una shughuli Nairobi. Hapo unaweza kushuka Mombasa kwa treni ya SGR, kama masaa matano. Ukiunganisha ndege, zote ziwe kwenye tiketi moja. Ukizinunua mbalimbali na ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halina deni nawe.

Jahazi la mizigo silipangi, hata nahodha awe mjomba wako.

Mtanzania haombi viza ya Kenya, lakini kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, maana wakati wa kurudi huulizwa.