YubiKey 5C NFC kwa kampuni za IT zinazohudumia wateja kwa mbali: nunua mbili kwa kila fundi

Kampuni ya IT yenye ofisi Kijitonyama, Dar es Salaam, na mafundi wanaofanya kazi kutoka Mbezi, Kigamboni au Kibaha inashika akaunti za usimamizi za wateja wake wote. Fundi mmoja akinaswa na ukurasa feki wa Microsoft 365, wanaoumia ni wateja. Msimbo wa SMS hauwakingi. Ukurasa feki wa siku hizi unakaa katikati: unapokea nywila na zile tarakimu sita, kisha unazipeleka kwenye tovuti halisi kabla muda wake haujaisha. Msimbo wa Google Authenticator unaibwa kwa njia hiyohiyo. Na laini ya simu, kama tunavyojua, inaweza kurudishwa na mtu asiye mwenyewe.

YubiKey 5C NFC ya Yubico inaziba njia hiyo, na ndiyo sababu tunaipendekeza. Ni ufunguo wa usalama: kifaa chembamba cheusi kisicho na betri wala skrini. Unakichomeka, duara la rangi ya dhahabu linamulika kijani, unaweka PIN, unaligusa, umeingia. Siri iliyomo haitoki kamwe. Kinachotoka ni sahihi iliyofungwa kwenye jina la tovuti iliyoiomba, kwa hiyo tovuti yenye jina linalofanana tu haipati kitu hata kama fundi ameshadanganyika. Mwaka 2022 wafanyakazi watatu wa Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, waliandika nywila zao kwenye ukurasa feki, lakini wezi hawakuingia kwa sababu kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wa aina hii. Twilio, kampuni ya huduma za mawasiliano iliyopigwa na wimbi hilohilo, iliingiliwa.

Bei ndiyo inayowakatisha watu tamaa: zaidi ya dola 50 kwa kimoja, kabla ya usafiri na kodi. Agizeni kwa pamoja ili gharama ya mzigo igawanyike. Dawati la huduma na wahasibu, ambao huingia kupitia kivinjari tu, wanatosheka na Security Key C NFC ya kampuni hiyohiyo kwa karibu nusu ya bei. Mzigo ukifika, angalia toleo la programu ya ndani ya kifaa kwa kutumia app ya Yubico Authenticator. Kubali 5.7 kwenda juu. Matoleo ya nyuma yana udhaifu uliotangazwa Septemba 2024, na programu hiyo ya ndani haisasishwi ikishatoka kiwandani, kwa hiyo stoku ya zamani itabaki ya zamani daima.

Usajili ndipo kampuni nyingi zinapoharibu. Weka PIN kwanza, kisha sajili funguo zote mbili siku hiyohiyo: mmoja fundi atembee nao, wa pili ufungiwe ofisini. Kwa Microsoft, msimamizi anaanza kwa kuwasha njia ya FIDO2 (kiwango cha kuingia kwa ufunguo kama huu) ndani ya Entra, mfumo wake wa kusimamia akaunti. Kwa Google Workspace kuna sera ya kukubali funguo za usalama pekee. Baada ya hapo ondoa SMS. Hatua hii huachwa "kwa dharura", na mwizi hupita humo humo: anabofya njia nyingine ya kuingia, anaomba msimbo, na pesa yote mliyotumia imekwenda bure. Kwa dharura ya kweli tengeneza akaunti mbili za usimamizi zenye funguo zake, zikae kwenye sefu.

PIN ikikosewa mara tatu mfululizo, itabidi kuchomoa na kuchomeka upya. Mara ya nane upande wa FIDO unajifunga, na dawa pekee ni kufuta na kusajili upya kila mahali. Ule ufunguo wa ofisini ndio utakaomrudisha fundi kazini siku hiyo.

Kuna kero ndogo itakayowakuta wenye 5C NFC wiki ya kwanza. Kidole kikigusa lile duara bila kukusudia, herufi 44 zinazoanza na "cccc" zinajiandika na kujituma popote kishale kilipo, mara nyingi kwenye kundi la mazungumzo la mteja. Amri `ykman config usb --disable otp`, ya programu ya Yubico iitwayo ykman, inamaliza tatizo.

Kwa seva za Linux, `ssh-keygen -t ed25519-sk -O verify-required` inatengeneza ufunguo wa SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) usiofanya kazi bila kifaa. Seva iwe na OpenSSH 8.2 au zaidi kwa kugusa, na 8.4 ili PIN nayo idaiwe. CentOS 7, Linux ya zamani, ina OpenSSH 7.4, itakataa. Kwenye Mac, SSH inayokuja na mashine haitoshi, weka ya Homebrew, kisakinishi cha programu cha Mac. Vifaa vya zamani vya wateja vifikiwe kupitia seva moja ya kati yenye Ubuntu mpya.

Windows ni ngumu zaidi. Ukiwa ndani ya RDP, yaani unaendesha Windows ya mbali kutoka kwenye kompyuta yako, kivinjari cha upande wa pili kinauona ufunguo iwapo mashine zote mbili ni mpya, yaani Windows 11 au Server 2022 zilizosasishwa. Kwa Server 2016, ambayo bado imejaa kwa wateja, tumia upande wa PIV, unaofanya kifaa kiwe kama kadi janja na kupita ndani ya RDP bila shida. Security Key haina PIV, ndiyo maana wahandisi wa seva wapewe 5C.

Usitegemee sana NFC, yaani kusogeza ufunguo karibu na simu bila kuuchomeka. Simu nyingi za bei ya kati hazina, ila tundu la USB-C linafanya kazi ileile.

Kifaa hiki hakizuii virusi vinavyoiba kikao kilichokwisha kufunguliwa kwenye kivinjari. Kompyuta ya nyumbani inayotumiwa na familia nzima isiingie kwenye akaunti za wateja hata kama fundi ana YubiKey mfukoni. Wala si mbadala wa VPN, njia ya siri ya kuunganisha mtandao. Mkiitumia, tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, la Oktoba 2023 kuhusu kuiandikisha linawahusu.

Fundi akiacha kazi, msingoje arudishe ufunguo. Futeni usajili wake kwenye kila akaunti na mstari wa ufunguo wake wa SSH kwenye kila seva siku hiyohiyo. Akiurudisha, chomekeni, endesheni `ykman fido reset` ndani ya sekunde chache kama inavyodai, mfute na upande wa PIV kwa `ykman piv reset`, kisha mpeni mwingine.