Mashine ndogo ya kukereza chuma nyumbani: uzoefu wangu kwa magurudumu 16 ya Garratt

Kama unaulizia ile mashine ndogo ya kukereza chuma (lathe, inayozungusha kipande huku kisu kikikichonga) inayojulikana kama 7x14, jibu langu ni kwamba inafaa kununuliwa, na inafaa zaidi ukiwa na subira ya kuimalizia mwenyewe. Namba ya kwanza, inchi 7, ni kipenyo kikubwa kabisa cha kipande kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda chake, yaani reli za chini zinazobeba kila kitu, kama milimita 180. Ya pili, inchi 14, ni urefu kati ya kichwa cha mbele, kinachozungusha kipande, na cha nyuma, kinachokishikilia ncha ya pili, kama milimita 350. Uzito wake ni kilo 40 hivi, watu wawili wanaibeba, inakaa mezani na inatumia umeme wa kawaida wa ukutani. Viwanda vya China vinazitengeneza na zinauzwa kwa rangi na majina mengi. Jina lililobandikwa kwenye yangu silitaji, kwa sababu ukifungua kifuniko cha nyingi kati ya hizo utakuta viungo vinavyofanana.

Kazi niliyoinunulia ni ya treni. Nachonga mfano wa Garratt wa daraja la 59, zile injini kubwa za mvuke zilizokuwa zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mbili zimehifadhiwa Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Mtanzania akisoma majina hayo ubavuni mwa injini moyo unamwenda mbio: Gelai uko karibu na Ziwa Natron, na Shengena uko Upareni. Gurudumu la kuendeshea lina kipenyo cha milimita 1,372, linamfika mtu mzima kifuani.

Ukubwa niliochagua ni 1 kwa 32. Hapo nafasi ya mita moja kati ya reli mbili inakuwa milimita 31 na kidogo, kwa hiyo reli za milimita 32 zinazouzwa tayari zinafaa, na gurudumu linakuwa milimita 43. Magurudumu ya kuendeshea ni 16, manane mbele na manane nyuma. Kila kundi la manane limeunganishwa kwa mikono ya chuma, lazima yazunguke pamoja. Moja likiwa kubwa kuliko wenzake linasugua reli badala ya kubingirika, na injini inakuwa nzito kabla hata ya kupewa mzigo. Swali langu kwa mashine lilikuwa hilo tu: itanipa magurudumu 16 yanayolingana?

Ilivyotoka kwenye sanduku isingeweza. Ilikuwa imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu safarini, na ndani ya grisi kulikuwa na unga wa chuma wa kiwandani. Nilifungua karibu kila kitu, nikaosha kwa mafuta ya taa, nikaondoa makali kwa tupa laini. Kitoroli kinachobeba kisu kilikuwa na pleyi, ukikitikisa kwa mkono unakisikia kinagonga. Vile vibapa vya chuma vinavyokibana kwenye njia yake vilikuwa havijasawazishwa, vinagusa sehemu mbili tatu tu. Nilivisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka vikang'aa sawasawa, kisha nikakaza skrubu zake kidogo kidogo huku nikizungusha mkono wa mashine, hadi kitoroli kikawa kinatembea kizito kiasi lakini hakitikisiki. Hapo ndipo mashine ilipobadilika. Mwanzoni kisu kilikuwa kinapiga kelele na kuacha mawimbi juu ya chuma. Baada ya marekebisho kikawa kinakata kimya, na uso unatoka laini wa kupendeza kuushika.

Kichwa cha nyuma nacho hakikuwa kwenye mstari mmoja na cha mbele. Dalili yake ni fimbo kutoka nene upande mmoja. Kukirekebisha kunachosha kwa sababu skrubu ziko chini yake, inabidi ukitoe kitandani, usogeze, urudishe na kupima upya. Ukishamaliza, kaza na usikiguse tena.

Chaki inayokuja nayo, yaani kishikio kinachobana kipande kwenye kichwa cha mbele, ile ya meno matatu ya milimita 80, ni nzuri kwa kushika kipande haraka. Usiitegemee kwa kipande unachokitoa na kukirudisha. Saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha kuyumba kudogo, ilinionyesha kwamba fimbo iliyonyooka ikishikwa upya inayumba hadi sehemu 8 za mia za milimita. Kwa bushi ya mlango hiyo si kitu, lakini gurudumu la milimita 43 likiyumba hivyo linachechemea na jicho linaona.

Dawa yake ni utaratibu ambao wachongaji wa mifano ya treni wamekuwa wakiutumia tangu zamani, na kwa maoni yangu ndio unaoifanya mashine hii ndogo iwe na thamani. Vipande vyote 16 vinapita hatua moja kwanza: kinashikwa, uso wa nyuma unasawazishwa, tundu la ekseli linatobolewa na kumaliziwa kwa rima, kifaa cha kusawazisha tundu kwa kipimo kamili, yote bila kukitoa. Vikiisha vyote, unafunga kipande kingine cha chuma kwenye chaki, unakikereza kiwe fimbo fupi inayoingia kwenye tundu hilo barabara, na mwishoni unakata hesi, yaani nyuzi za skrubu, ya kufungia nati. Fimbo hiyo haitoki tena mpaka kazi yote iishe. Chaki iyumbe itakavyo, fimbo imekerezwa palepale inapozungukia, kwa hiyo iko katikati kabisa. Kisha magurudumu yanapanda juu yake moja baada ya jingine, kisu kikiwa kimefungwa vilevile, na mkono wa kusogezea kisu unasimama kwenye namba ileile.

Nilitumia chuma cha kusubu, kisu cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia) nilichonoa mwenyewe, na mizunguko kama 150 kwa dakika. Chuma hiki kinakatwa kikavu, hakihitaji mafuta, na hakitoi nyuzi bali unga mweusi. Unga huo ukichanganyika na oili unakuwa msasa unaokula kitanda, kwa hiyo funika kitanda cha mashine kwa karatasi na upanguse mara kwa mara. Nilipoyapima magurudumu yote kwa maikromita, kipimo cha unene mdogo sana, kubwa kuliko yote na dogo kuliko yote yalipishana sehemu 2 za mia za milimita. Kwa mashine ya mezani iliyokuja ikigonga, nimeridhika kabisa na ninaisifu bila kusita.

Udhaifu wake mkubwa ni nguvu kwenye kasi ndogo. Mota ni ya brashi, na ukiishusha mizunguko nguvu nazo zinashuka. Kuna gia ya kubadili kasi yenye nafasi mbili, ya chini inaishia mizunguko 1,100 na ya juu 2,500. Kwa chuma, kaa ya chini. Kazi inayoitesha ni kukatisha kipande kizima kwa kisu chembamba. Katika kazi hiyo gia ya plastiki iliyomo kwenye kichwa cha mbele ilipoteza meno. Muuzaji alinijibu kwamba vipuri havimo kwenye dhamana, jibu ambalo sikulipenda hata kidogo, nikaagiza mwenyewe mtandaoni na kusubiri. Wengi watakushauri uweke gia za chuma. Mimi nimerudisha ya plastiki na kuweka ya akiba kwenye droo, kwa sababu kisu kikikwama lazima kitu kimoja kiachie, na ni afadhali gia ya bei ndogo kuliko kadi ya umeme inayoongoza mota. Vipande vinene sasa nakata kwa msumeno kabla ya kuvileta kwenye chaki.

Kuhusu umeme, sisi wa Dar tunaujua unavyopanda na kushuka. Weka stebilaiza, usibishane na hili. Kadi ile ndiyo kiungo cha gharama kuliko vyote baada ya mota. Jambo moja zuri: umeme ukikatika na kurudi, mashine yangu haiwaki yenyewe mpaka nibonyeze tena kitufe cha kijani. Hakikisha na yako iko hivyo kabla ya kulipa. Na ufunguo wa chaki usiuache ukiwa umechomekwa hata kwa sekunde, kwa sababu mashine ikiwaka unaruka kama risasi.

Hewa ya pwani inaleta kutu haraka mno. Kila jioni napaka oili kitandani na kwenye chaki, nafunika kwa kitambaa cha pamba. Plastiki haifai, inafungia unyevu ndani.

Sasa bei. Mashine, usafiri na ushuru vilikaribia gharama ya bodaboda mpya, na hapo hujanunua vifaa. Kinachohitajika kweli ni saa ya kupimia yenye kishikio cha sumaku, maikromita, kishikio cha visu cha kubadilisha haraka, chaki ya drili ya kichwa cha nyuma, na mashine ya kunolea. Tenga fedha hizo mapema, maana mashine bila vipimo haitakupa magurudumu yanayolingana. Kama unahitaji bushi moja au shafti moja tu, usinunue chochote: nenda eneo la Gerezani hapa Dar, mafundi wa pale wana mashine kubwa na mikono iliyozoea, watakuchongea ukisubiri. Hii ni ya mtu anayetaka kuchonga vipande vingi vidogo, anayependa kurudia mpaka namba ikae, na mwenye meza imara isiyotikisika.

Ningekuwa nanunua leo ningechagua ile yenye mota isiyo na brashi na mkanda badala ya gia za kichwani, na chaki ya milimita 100. Magurudumu ya kuongozea ya Garratt hii ni madogo kuliko haya, lakini silinda zake nne zitahitaji kushikwa kwa nguvu zaidi ya meno haya ya milimita 80, na chaki ya meno manne nimeshaiagiza.