Boksi la kuzibia makochi ya vainili (ngozi bandia ya plastiki): lina kazi, ila maelezo yake yanapotosha

Ndani ya boksi mna vikopo saba vya rangi nzito kama dawa ya meno, gundi, vitambaa vya kutia chini, karatasi zenye michoro ya ngozi, kijiti cha kupakia na kidude cha chuma chenye mpini. Kwa mpasuko usiozidi sentimita 5, katikati ya kochi, linatosha. Ukiwa Tabora ukaliagiza Dar, likague kochi kwanza. Likiwa linabanduka magamba, acha: tabaka la juu limekwisha, na rangi itaondoka na gamba linalofuata. Mshono ukifumuka, hiyo kazi ya fundi mwenye cherehani.

Maelezo yanasema "safisha" tu, wakati kazi nyingi huharibikia hapo. Polishi ya dashibodi ya gari, ambayo wengi hupaka na makochi, ina silikoni, na rangi haishiki juu yake. Inabanduka yote kama ganda la yai lililochemshwa. Osha kwa maji ya sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kiangazi, funga dirisha. Vumbi likitua kwenye rangi mbichi halitoki tena.

Nyuzi zinazochungulia zikate kwa wembe. Kitambaa kizidi mpasuko kwa sentimita 1 kila upande, pembe ziwe za mviringo zisijikunje, ukipenyeze chini kwa kibano. Wavivu huruka hatua hii. Rangi inazama kwenye sponji, na baada ya wiki pana bonde. Gundi ya boksi ni nyepesi mno, ya fundi viatu inashika vizuri zaidi. Supagluu usiguse kabisa: ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na mtu akikalia, vainili inapasuka pembeni yake.

Rangi ndiyo sehemu nzuri ya boksi hili. Changanya kidogo kidogo, nyeusi iingie kwa ncha ya kijiti cha meno, ujaribu chini ya kochi pasipoonekana. Subiri ikauke ndipo uamue, maana ikikauka hukolea. Paka tabaka mbili au tatu, kila moja nyembamba kama kadi ya simu. Ukijaza mara moja, juu panakauka na ndani panabaki ute, halafu yanatoka malengelenge.

Sasa moto. Pasi yenyewe isiguse kochi, vainili inayeyuka. Pasha kidude cha chuma juu ya pasi kama dakika moja na nusu, weka karatasi ya mchoro juu ya rangi, kandamiza kwa kidude nusu dakika hadi dakika moja. Usibandue karatasi ikiwa ya moto. Tatizo ni kwamba karatasi zenyewe ni chache na michoro yake ni mikubwa kuliko ya makochi mengi yaliyopo madukani. Ukikosa inayofanana, tumia ya mchoro mdogo kuliko zote. Kiraka laini kabisa, kisicho na mchoro, ndicho kinachong'aa ukumbini mgeni akakiona toka mlangoni.

Kochi lisikaliwe siku nzima, na vikopo vifungwe barabara: kifuniko cha cheupe ndicho kinacholegea mapema, na rangi hiyo ndiyo inayotumika kuliko zote kuchanganyia.