TAHADHARI: bareti za RAM (kumbukumbu ya kompyuta) aina ya DDR2 za giga 4 huko Birere ni mtego

Wenye kompyuta za zamani hapa Goma, someni kabla dola haijatoka mfukoni. Yule muuzaji wa soko la Birere (wengi wenu mnamjua) ametuuzia bareti mbili za RAM, giga 4 kila moja, dola 15 kwa moja. Kwenye ile kompyuta ya sekretarieti, Dell OptiPlex 755 yenye prosesa ya Intel, hazifai kitu. Na sisi ndio watu hutuuliza kwanza wakitaka kuongeza RAM! Aibu tupu.

Alizitoa kwenye mfuko wa kijivu wa kuzuia umeme, akazishika kwenye kingo bila kugusa meno ya dhahabu, kama fundi wa kweli. Lebo ilisoma PC2-6400, yaani DDR2 ya 800, na 755 inaikubali. Mkato ule kati ya meno tuliutazama pia: DDR2 na DDR3 za mezani zote zina pini 240, ila mkato hauko mahali pamoja, na huu ulikuwa mahali pake. Kisha akavuta mashine yake chini ya meza, akazichomeka, vishikio vikalia tak, tak, akawasha. Skrini ikaandika 8192 MB.

"Mukubwa, ona mwenyewe, iko inasoma. Sasa unaogopa nini?"

Nani angekataa hapo? Tukatoa noti ya 20 na ya 10. Akaziinua kwenye mwanga, akapapasa kingo zote, ile ya 10 akairudisha kwa sababu ya mchaniko mdogo kuliko punje ya mchele. Noti alizichunguza hivyo, na sisi hatukumuuliza hata swali moja kuhusu mashine aliyojaribia.

Ilikuwa ya prosesa ya AMD, si Intel kama yetu, soketi ya AM2. Hapo ndipo mtego ulipo. Bareti hizo zimejengwa kwa chipu za upana wa biti 4, zenye biti 11 za anwani ya safu wima (namba ambayo mashine hutumia kutafuta data ndani ya chipu). Kwenye AMD za aina hiyo kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, nacho kinazisoma. Kadi mama za Intel za wakati ule zinataka chipu za biti 8, safu wima biti 10. Ukizichomeka humo feni inazunguka, skrini inabaki nyeusi. Au inasoma nusu tu, halafu inaganda. Tulisafisha meno kwa kifutio, tukabadilisha nafasi, tukatoa betri ya kadi mama kufuta mipangilio. Wapi! Tuliporudisha zile mbili za zamani za giga 1, mashine ikawaka mara moja.

Tena 755 ina nafasi nne na kikomo chake ni giga 8, maana yake giga 2 kwa kila nafasi. Tulilijua hilo. Bareti nne za giga 2 zingetugharimu zaidi ya hizi mbili, ndiyo maana tukaingiwa na tamaa, na skrini yake ikamaliza kazi.

Tuliporudi akasema mashine yetu ndiyo mbovu na kitu kikitoka mezani hakirudi. Mwongo! Kibandiko chake cha garanti alikuwa amekibandika juu ya lebo ya kiwandani. Tulipokikwangua kwa kucha, chini yake pameandikwa AMD. Mtu anayeficha neno hilo anajua anachouza. Arudishe dola zote, meza yake iondolewe, shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) amwite mbele ya watu, na wauzaji wenzake waache kumfunika, maana uchafu huu unawapaka wote. Wanafunzi wanaochanga hela kwa ajili ya TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, ndio wanaonunua pale!

Kwa anayekwenda: bareti ya DDR2 ya giga 4 yenye bei kama ya giga 2, iache. Bebeni mashine yenu, hata kwa pikipiki, bareti ijaribiwe humo humo, na Memtest86+ (programu ya kupima RAM) imalize mzunguko mzima kabla ya kulipa. Kibandiko chochote juu ya lebo, king'olewe. Ukiona lebo ya PC2-5300F, hiyo ni ya seva, haikuhusu. Na kama Windows yako ni ya biti 32, hata RAM nzuri haitakuvusha giga 4.

Jana jioni alikuwa bado na nyingine sita mezani, zote na kile kibandiko.