Euthydemus ya Plato: uzoefu wangu wa kuonja hila za Kigiriki kwa Kiswahili

Euthydemus ni mazungumzo yaliyoandikwa na Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale. Kwanza niliagiza nakala ya karatasi. Mchapishaji simtaji, lakini ilifika na herufi ndogo kama za karatasi ya maelezo ya dawa, na kurasa kadhaa zimejirudia mara mbili huku nyingine hazipo kabisa. Baadaye nikagundua kwamba tafsiri ya Kiingereza ya Benjamin Jowett, iliyotoka 1871, inapakuliwa bure, maana haki zake zilishakwisha zamani. Anayetaka kuanza na Plato asianze na pesa.

Kitabu chenyewe ni kifupi. Socrates, mwalimu wa Plato, anamsimulia rafiki yake Crito kilichotokea jana yake pale Lyceum, uwanja wa mazoezi wa Athens. Walikuja ndugu wawili, Euthydemus na Dionysodorus, wenyeji wa kisiwa cha Chios. Zamani walifundisha kupigana kwa silaha, wakahamia kufundisha watu kusema mahakamani, sasa wanatangaza kwamba wanafundisha wema, tena haraka kuliko mtu yeyote. Anawekwa mbele yao kijana Cleinias. Swali la kwanza: wanaojifunza ni wanaojua au wasiojua? Cleinias anasema wanaojua. Wanambana: ulipokuwa unajifunza, si ulikuwa hujui? Basi ni wasiojua. Kabla hajapumua, wa pili anaudaka mpira: mwalimu alipowasomea imla, nani aliyeshika, wanaojua au wasiojua? Basi ni wanaojua. Na kabla ya yote hayo Dionysodorus alikuwa ameshamnong'oneza Socrates, huku anatabasamu, kwamba kijana akijibu vyovyote vile ataanguka.

Kwa Kiingereza cha Jowett, nakiri, niliona utoto mtupu. Maelezo yanasema kitenzi cha Kigiriki cha "kujifunza" kina maana mbili, kupata ujuzi mpya na kuelewa kwa ujuzi ulio nao. Sawa, lakini mzaha unaohitaji maelezo umeshakufa. Mpaka nilipoujaribu kwa Kiswahili, kwa mpwa wangu wa kidato cha pili, akiwa mezani na daftari lake.

"Darasani kwenu, wanaosoma ni wanaojua au wasiojua?"

"Wasiojua, Mjomba. Anayejua anasoma nini tena?"

"Mwalimu akiandika ubaoni, anayesoma ni anayejua herufi au asiyezijua?"

"Anayezijua."

"Kumbe wanaosoma ni wanaojua."

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu lakini hajui imepungua wapi. Kisha akasema: "Mjomba, kusoma hiyo siyo ile."

Ndicho hasa Socrates anachomwambia Cleinias, ila kwa maneno mengi zaidi na kwa kumtaja Prodicus, mwalimu aliyesisitiza kwamba kwanza ujue matumizi sahihi ya maneno. Anaongeza kwamba mchezo huu ni sawa na kumvutia mtu kigoda anapotaka kukaa, halafu kucheka akianguka chali. Hata ukiujua wote, hujajua chochote kuhusu mambo yenyewe. Neno letu "kusoma" limebeba hila ile vizuri kuliko Kiingereza. Nilifurahi kama nimeokota pesa.

Hila ya mbwa ndiyo inayojulikana zaidi, na huko mambo yalinigeukia. Dionysodorus anamuuliza Ctesippus, kijana mwingine aliyekuwepo pale: una mbwa? Ninaye, mkorofi kweli. Ana watoto? Anao, wanafanana naye. Yeye ndiye baba yao? Ndiye. Na si ni wako? Ni wangu. Basi ni baba, tena ni wako, kwa hiyo ni baba yako, na vile vitoto ni ndugu zako. Unampiga? Nampiga, anasema Ctesippus akicheka, maana wewe siwezi kukupiga. Basi unampiga baba yako!

Jaribu kuisema polepole kwa Kiswahili. Mbwa ni wako. Ni baba. Basi ni baba... na hapo ulimi unakwama. Mbwa huchukua "wako", baba huchukua "yako". Ukisema "baba wako", sikio linashtuka. Ukisema "babako", umeshaliacha neno ulilokuja nalo. Mbishi mwenye uso mkavu atapita tu, lakini ile sehemu alipounga kiraka inaonekana.

Kwa hiyo nikaenda kwa Aristotle, mwanafunzi wa Plato, kuona kama aliliwaza hili. Kitabu chake kuhusu ukanushaji wa masofisti, yaani walimu wa ubishi kama wale ndugu wawili, kina tafsiri ya Pickard-Cambridge ya 1928, kikavu kama mkate wa juzi, lakini mgawanyo wake ndio ulionifaa: hoja potofu 13, 6 zinatokana na lugha na 7 haziitegemei. Katika zile 6 kuna moja ya mkazo wa sauti, ambayo anasema ni ngumu kuitumia katika mazungumzo ya mdomo, rahisi katika maandishi. Nikafikiria "barabara": iandike bila alama, na msomaji hajui kama ni njia ya magari au ni sawasawa. Itamke, na hakuna wa kudanganyika.

Nyota nne kwa Euthydemus. Nyota ya tano imepotea katikati, Socrates anapotafuta na Cleinias ni ujuzi gani utakaotupa furaha, wakazunguka mpaka wakarudi walipoanzia. Najua wasomi wanasema hapo ndipo penye uzito. Mimi nilisinzia mara mbili. Aristotle nampa tatu, na msikie nilivyosema: kavu.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia mpwa wangu pia ile ya pembe inayohusishwa na Eubulides wa Miletus, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki: kitu ambacho hujakipoteza bado unacho, hujapoteza pembe, basi una pembe. Nikamwambia na jibu la mwanafalsafa Diogenes, aliyejishika paji la uso akasema, mimi sizioni. Kesho yake asubuhi, hata shikamoo haijapoa:

"Mjomba, ile elfu mbili uliyoniahidi, umeipoteza?"

"Sijaipoteza."

"Basi unayo. Naiomba."

Nikafanya kama Diogenes. Nikageuza mfuko wa suruali nje, mtupu, nikamwambia mimi siioni. Akacheka sana. Kisha akanyoosha kidole mezani, kwenye simu yangu. "Mfuko siyo salio, Mjomba."