Kabla hujamnunulia mtoto gemu la Pokémon la midoli, geuza mashine usome mgongoni

Jioni ya siku ya kuzaliwa mwanangu nilikuwa nimekaa sakafuni na pamba ya masikioni, spiriti na kifutio cha penseli, nasugua kaseti ya gemu kama mtu anayesafisha jino bovu. Naichomeka, mashine inaniambia hakuna kaseti. Naichomoa, naipuliza kama tulivyokuwa tunapuliza zile za zamani, narudisha. Hakuna kaseti. Mtoto kakaa pembeni na kofia yake ya karatasi, haulizi kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kesho yake fundi alinitoza elfu kumi ya "kusafisha meno" na kunirudishia vilevile. Mashine nzima, kaseti nzima. Ila mashine ilikuwa ya Marekani na kaseti ya Ulaya, na Nintendo 3DS, mashine ya gemu ya kushika mkononi, haikubali ndoa ya namna hiyo. Yule aliyeniuzia mashine pale Kariakoo alikuwa ameniapia: "Dada, hizi zote zinaingiliana." Haziingiliani.

Tangu nilipolisimulia hili kwa kina mama wenzangu, kila mwezi napata ujumbe wa mtu mwenye kaseti yake mkononi. Ndiyo maana naandika.

Kwanza, ni gemu gani tunalozungumzia. Pokémon Rumble ni lile ambalo wale Pokémon wote ni midoli, wanatembea kama wametiwa ufunguo mgongoni. Unamwendesha mdoli wako ndani ya pori au pango, unapiga, unapiga, unapiga. Mdoli mwingine akianguka, mara nyingine anakuwa wako. Kila mmoja ana namba yake ya nguvu na mapigo yasiyozidi mawili. Hapandi ngazi kwa kupigana. Ukitaka mwenye nguvu zaidi unamtafuta mwingine, hata kama ni Pikachu wa saba. Basi.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Kaka yangu, ambaye amecheza magemu makubwa ya Pokémon tangu yuko shule, alishika dakika ishirini akanirudishia: "Hili ni la kubonyeza tu, halina akili." Kweli. Ukiwa mtu mzima, pango la tano linafanana na la kwanza, na kidole gumba kinauma kabla hujaona jipya. Lakini mwanangu ana miaka saba na Kiingereza chake ni cha "good morning teacher". Magemu makubwa ya Pokémon yamejaa maandishi. Hili hahitaji kusoma hata mstari mmoja kujua kwamba mia nne ni kubwa kuliko mia mbili. Kwa hiyo ukiuliza kama ni gemu zuri, mimi nitakuuliza anayecheza ana umri gani.

Sasa lile ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia. Mashine za Nintendo za 3DS, 2DS, Wii na Wii U zote zimefungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia zilikokusudiwa kuuzwa. Mashine ya Marekani inasoma kaseti za Marekani, ya Ulaya za Ulaya, ya Japani za Japani. Kwenye nchi zenye maduka rasmi hakuna anayehangaika, kwa sababu mashine na kaseti vinatoka rafu moja. Kwetu huku mashine imeingia na mzigo wa mtumba kutoka Dubai, kaseti kaileta shangazi kutoka London, na chaja ni ya mtu wa tatu. Sisi ndio tunaoumia.

Namna ya kujua ni rahisi mpaka inaudhi. Geuza mashine. Kuna karatasi ndogo imebandikwa, na baada ya namba ya modeli pameandikwa ndani ya mabano USA, EUR au JPN. Kama karatasi imebanduliwa (na ikiwa imebanduliwa jiulize kwa nini), iwashe, ingia kwenye mipangilio, tazama kwenye kona ya chini ya kioo cha juu. Pana namba ya toleo, na herufi yake ya mwisho ni U, E au J. Kisha chukua kaseti, soma maandishi madogo kabisa chini ya picha: mstari unaishia na USA, EUR au JPN. Kama macho yako ni kama yangu, piga picha na simu halafu uivute. Herufi zikipishana, rudisha pesa mfukoni.

Gemu hili lenyewe limekupa na dalili nyingine. Rumble ina matoleo kadhaa, na lile la mwaka 2011 la 3DS lina majina matatu. Marekani linaitwa Pokémon Rumble Blast, Ulaya Super Pokémon Rumble, Japani Super Pokémon Scramble. Ni gemu moja. Mimi nilidhani "Super" ni toleo jipya zaidi na nikajiona nimewahi! Kumbe jina lilikuwa linaniambia kanda, nami sikulisikiliza. Ukiona boksi lenye alama ya PEGI, ile ya kuonyesha umri unaofaa, hiyo ni Ulaya.

Na ya Japani usinunue hata kama bei inakuchekea. Lugha ndani ni Kijapani tu, haibadilishwi.

Jambo jingine la Marekani: chaja yake ya ukutani imetengenezwa kwa volti 120, na kwetu ukutani zinatoka 230. Usiichomeke. Tafuta waya wa USB wa 3DS, uchaji kwenye kichwa cha simu. Nimemaliza, turudi kwenye magemu.

Namba moja kwangu ni Pokémon Rumble World, na nasema kwa herufi kubwa: YA KASETI. Ilianza mwaka 2015 kama gemu la kupakua bure ndani ya 3DS, ukitaka kwenda mbali ulikuwa unanunua almasi kwa pesa halisi. Mwaka 2016 wakaitoa ya kaseti huko Ulaya na Marekani, isiyo na duka la pesa halisi ndani. Almasi unazipata kwa kucheza. Midoli imepita mia saba. Mtoto anajitengenezea sura yake, anamvalisha nguo, anapanda puto kwenda kuwinda, mfalme anampa kazi. Safari ni fupi, na mama yeyote anayesema "ukimaliza hiyo unakuja kula" anajua thamani ya gemu lenye mwisho wa karibu.

Angalia ujanja mmoja: wapo wanaouza mashine kwa bei ya juu kwa maelezo kwamba "ina Rumble World ndani". Hiyo ni ile ya bure. Duka la mtandaoni la 3DS na Wii U lilifungwa kununua tarehe 27 Machi 2023, kwa hiyo hizo almasi za kununua huzipati tena. Unalipia kitu kilichotolewa bure na ambacho mlango wake umeshafungwa.

Namba mbili ni hilo lenye majina matatu. Midoli zaidi ya mia sita, hadithi nyepesi ya midoli iliyoibiwa matone yao ya kung'aa, na mwisho wa kila eneo pambano la uwanjani ambalo huingii mpaka uwe na mdoli mwenye nguvu inayotakiwa. Mwanangu huita "harusi", kwa sababu wote wanakuja na wote wanapigana. Linachosha haraka kuliko World, na ndilo kaka yangu aliloliita halina akili. Lakini watoto wawili wenye mashine mbili na kaseti mbili wanaweza kucheza pamoja bila intaneti, na siku umeme umekatika utanishukuru.

Mashine ya kuchezea: chukua 2DS, ile bapa isiyokunjwa, inasoma kaseti zilezile za 3DS. Haina bawaba ya kuvunjika. Naweza kuimba juu ya Nintendo mpaka mchoke. Mashine yetu imeanguka kutoka kitanda cha juu mara mbili na bado iko hai. Sijifichi, mimi ni mtu wao, hata kama hili la kanda sitawasamehe. Walijirekebisha kwenye Switch, mashine yao ya baadaye; ile inasoma kaseti ya nchi yoyote. Ila Rumble haijawahi kutoka kwenye Switch. Ukiwa na Switch tayari, pakua Pokémon Quest ya 2018, ni bure kuanza, Pokémon ni wa mraba kama sabuni, inafanana kidogo. Kidogo.

Rumble ya kwanza ya Wii (2009) na Rumble U ya Wii U (2013) ziliuzwa kwa kupakua, na maduka yote mawili yamefungwa. Sahau. Rumble U ilikuwa na vidoli halisi vya kugusisha kwenye mashine. Nimeviona vinauzwa Instagram kama "gemu la Pokémon". Ni vidoli, vya kupanga kwenye kabati.

Skylanders? Ni gemu jingine la midoli, ila midoli halisi ya kununua, na kwenye mashine ya PS3 hakuna tatizo la kanda. Lakini gemu la kwanza lina milango inayodai midoli ya asili nane tofauti (moto, maji na kadhalika), na kila mdoli ni pesa. Sijaipenda. Za simu za bure zenye majini yanayofanana na Pokémon: matangazo.

Bei zenyewe sasa. Mimi nilitoa laki mbili na nusu kwa ile mashine ya kwanza, na kibao ukutani kikanikumbusha kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Niliiuza kwa hasara kwa jirani ambaye shemeji yake yuko Texas, yeye kaseti za Marekani kwake si shida. Nikaanza upya kutafuta ya EUR. Wiki tatu. Wauzaji wa mtandaoni wanaweka picha nzuri, chini wanaandika "bei njoo inboksi", kana kwamba bei ni siri ya ukoo. Unaenda inboksi, wanakuuliza uko wapi kwanza. Ukisema Mbezi Beach bei inapanda, ukisema Mbagala wanakuuliza kama kweli utanunua.

Wiki iliyopita nimemwandikia mmoja kwa niaba ya rafiki yangu: kaka, naomba picha ya mgongoni. Akatuma ya mbele. Nikasema mgongoni, penye karatasi. Akatuma ya mbele tena, imewashwa. Nikamwambia kaka, geuza tu. Akajibu: "Sista, wewe unanunua au unakagua?"